Prosesa ya Gemu kwa Bajeti Ndogo: Soma Namba, Usinunue Jina

Ukipita Kariakoo kutafuta kompyuta ya gemu, mapema tu utaambiwa "hii ni i7, bosi". Sawa, i7 ya mwaka gani? Core i7-2600 ya Intel ilitoka 2011, Core i3-12100F ikatoka 2022. Zote zina viini 4 (sehemu zinazofanya kazi) na nyuzi 8 (kazi zinazoendeshwa kwa wakati mmoja), lakini kwenye gemu, hiyo i3 inaiacha i7 mbali sana. Kazi yangu ni kuunda kompyuta za wateja, na wengi wenye bajeti finyu hufika wakiwa wameshalipia jina. Mimi huchagua hivi.

Hatua ya 1: Anza na gemu na monita

Monita ya 60 Hz haiwezi kukuonyesha zaidi ya fremu (picha) 60 kwa sekunde, kwa hiyo usilipie prosesa ya kutoa 200. Gemu kama Valorant na Counter-Strike 2 zinaegemea sana prosesa. Gemu nzito za hadithi hubebwa zaidi na kadi ya grafiki.

Kama tayari una mashine, ipime. Zima kikomo cha fremu, kisha shusha ukubwa wa picha (resolution) kutoka 1080p hadi 720p. Fremu zikipanda sana, kadi ndiyo iliyozidiwa. Zikibaki palepale, tatizo ni prosesa, endelea kusoma.

Hatua ya 2: Soma namba yote, hadi herufi ya mwisho

Chukua i5-12400F. Hiyo 12 ni kizazi, 400 ni cheo chake ndani ya kizazi, na F maana yake haina grafiki ya ndani: bila kadi ya pembeni, monita haitaonyesha kitu. Namba ikiwa na tarakimu nne, kama 6500, kizazi ni ile ya kwanza, yaani 6. Kwa Intel usishuke chini ya kizazi cha 8, kwa sababu Windows 11 haizitambui rasmi za nyuma yake, na Windows 10 ilikoma kuhudumiwa Oktoba 14, 2025.

Upande wa AMD, mshindani wa Intel, kuna mtego mmoja unaonasa wengi. Ryzen 5 5500 na Ryzen 5 5600 zote zina viini 6 na nyuzi 12, na majina yamekaribiana kama mapacha. Lakini 5600 ina kache (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) ya MB 32, 5500 ina MB 16, na gemu zinapenda kache. Tena 5500 inaishia PCIe 3.0, toleo la zamani la njia inayounganisha prosesa na kadi. Ukiifunga na kadi kama RX 6500 XT, inayotumia njia 4 tu za PCIe, unapoteza fremu bure. Tofauti ya bei ikiwa ndogo, chukua 5600. Asiye na hela ya kadi kwa sasa atafute 5600G, yenye grafiki ya ndani. Gemu nyepesi zinachezeka.

Hatua ya 3: Ubao mama ndio wenye kauli

Core i5-8500 inakaa vizuri kwenye soketi (tundu la prosesa kwenye bodi) ileile ya i5-7500, LGA1151, lakini bodi za zamani za mfululizo wa 100 na 200 haziwashi nayo. AM4, soketi ya AMD, ina ukarimu zaidi: bodi ya B450 ya 2018 inapokea Ryzen 5 5600 ya 2022, ila lazima usasishe BIOS (programu ya kuwashia bodi) kwanza, prosesa ya zamani ikiwa bado ndani. AM5, soketi mpya zaidi ya AMD, inataka rami za aina ya DDR5 tu, nazo zinakula bajeti.

Kwa hela kidogo kabisa, mimi hutafuta kompyuta ya ofisini iliyotumika, mfano Dell OptiPlex 7060 yenye i5-8500. Chukua ile ya mnara, si nyembamba. Pawa saplai yake si ya kawaida, basi ipe kadi ya GTX 1650 isiyohitaji waya wa ziada wa umeme.

Hatua ya 4: Kagua ya mtumba kabla ya kutoa hela

Prosesa za AM4 zina pini chini ya tumbo. Mulika kwa tochi ya simu kutoka ubavuni, mstari kwa mstari. Pini iliyolala utaiona ikiharibu mstari. Za Intel pini ziko kwenye bodi, kwa hiyo mulika soketi. Kisha washa, fungua CPU-Z (programu inayoonyesha prosesa iliyomo), na ulinganishe jina na maandishi ya juu ya chuma.

Ukiwa unang'oa feni ya AM4, kwanza iendeshe kompyuta dakika chache mpaka ipate joto, uizime na kuchomoa waya wa umeme. Zungusha feni kidogo kushoto na kulia ndipo uinue. Pesti (ya kupitisha joto kati ya prosesa na feni) ikiwa baridi hushika kama gundi, na prosesa huchomoka pamoja na feni huku soketi imefungwa. Hapo ndipo pini nyingi hupinda.

Ukishafunga, weka rami mbili za GB 8 badala ya moja ya GB 16, kwenye nafasi zilizoelekezwa na kitabu cha bodi.