Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuweka Mpaka wa Eneo la Kukataa Nadharia Tete

Eneo la kukataa ni mkusanyiko wa matokeo ambayo, yakitokea, mtafiti atakuwa amekwisha kujifunga kuikataa nadharia tete sifuri, yaani dai la kuanzia linalojaribiwa. Uzito wa maelezo hayo uko katika neno kujifunga. Jerzy Neyman na Egon Pearson, walioliweka wazo hili katika umbo la kihisabati katika makala yao ya mwaka 1933, walitaka kanuni ya uamuzi itungwe kwanza, ndipo data zipimwe kwa kanuni hiyo. Mpaka unaochorwa baada ya matokeo kuonekana hauna tena uwezekano wa kukosea unaojulikana, hata kama hesabu zake zote ni sahihi. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya kazi hufanyika mezani, sampuli ikiwa bado haijakusanywa, na mambo yafuatayo yanastahili kuamuliwa na kuandikwa wakati huo.

La kwanza ni kuziandika nadharia tete zote mbili, ile ya sifuri na ile mbadala inayoipinga, kwa alama za kundi zima linalochunguzwa, si kwa alama za sampuli. Wanafunzi wengi huandika kwamba wastani wa sampuli ni sawa na 500, ilhali wastani wa sampuli utahesabiwa na kuonekana wazi, hauhitaji kujaribiwa. Kinachojaribiwa ni wastani wa kundi ambao hatuuoni. Nadharia tete sifuri ndiyo inayobeba alama ya usawa, kwa kuwa mtawanyo wa kipimo cha jaribio, yaani namba inayohesabiwa kutoka kwenye sampuli ili kufanya uamuzi, hukokotolewa kwa kuchukulia kwamba thamani hiyo ya usawa ndiyo ya kweli. Tuchukue mashine inayojaza chupa, ambayo inapaswa kutia mililita 500 kwa wastani, na tuseme mkengeuko sanifu wa ujazo, yaani kadiri ujazo wa chupa unavyotawanyika kuzunguka wastani, unajulikana kuwa mililita 8. Sampuli ya chupa 16 itakuwa na kosa sanifu la wastani, ambalo ni kadiri wastani wa sampuli unavyoyumba, la 8 gawanya kwa kipeuo cha pili cha 16, yaani mililita 2. Mipaka ya jaribio hili itapimwa kwa hatua hiyo ya mililita 2 kuanzia 500.

Jambo linalofuata, ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloharibu majaribio mengi kuliko mengine yote, ni mwelekeo wa nadharia tete mbadala. Ikiwa tunajali tu kama mashine inapunja, nadharia tete mbadala inasema wastani ni chini ya 500, na eneo lote la kukataa linakaa kwenye mkia wa kushoto, yaani ncha ya kushoto ya mtawanyo. Kwa kiwango cha asilimia 5, yaani uwezekano tunaoukubali wa kuikataa nadharia tete sifuri iliyo kweli, thamani ya mpaka ni −1.645 kwa hesabu ya makosa sanifu, na tukiigeuza kuwa mililita tunapata 500 kutoa 3.29, yaani tunakataa wastani wa sampuli ukiwa chini ya takriban 496.71. Ikiwa tunajali kupunja na kuzidisha kwa pamoja, asilimia 5 hiyo hiyo inagawanywa nusu kwa nusu baina ya mikia miwili, thamani za mpaka zinakuwa −1.96 na 1.96, na tunakataa wastani ukiwa chini ya 496.08 au juu ya 503.92. Sasa tuseme sampuli imetoa wastani wa 496.4. Matokeo hayo yamo ndani ya eneo la kukataa katika jaribio la mkia mmoja, na yako nje yake katika jaribio la mikia miwili, ingawa chupa ni zile zile na kipimo ni kile kile cha −1.8. Mtu anayesubiri aone wastani umeangukia upande gani, kisha akachagua mkia wa upande huo, anakuwa ametumia kwa siri mikia miwili yenye asilimia 5 kila mmoja, na uwezekano wake halisi wa kuikataa nadharia tete sifuri iliyo kweli ni asilimia 10. Mwelekeo sharti utoke katika swali la utafiti. Swali lisipotoa mwelekeo ulio wazi, chaguo salama ni mikia miwili.

Kiwango hicho cha kukosea tunachokikubali, kinachoitwa alfa, nacho kinahitaji sababu. Ronald Fisher alisema katika kitabu chake cha mwaka 1925 kwamba kiwango cha 0.05 kinafaa kwa matumizi, na desturi ikakifanya kama sheria, lakini hakuna hesabu inayolazimisha namba hiyo. Linalopaswa kuulizwa ni gharama ya kila kosa: je, kuikataa nadharia tete sifuri iliyo kweli kunadhuru zaidi, au kushindwa kuikataa iliyo ya uongo? Pale ambapo kukataa kimakosa kungesababisha madhara makubwa, alfa ya 0.01 inafaa zaidi, na mipaka ya mikia miwili inasogea hadi −2.576 na 2.576.

Kisha uchunguzwe mtawanyo ambao mipaka itasomwa kutoka kwake. Mkengeuko sanifu wa kundi zima haujulikani mara nyingi, nao hukadiriwa kutoka kwenye sampuli yenyewe. Makadirio hayo yanaongeza mtikisiko, na hapo ndipo mtawanyo wa t, wenye mikia minene kuliko ule wa kawaida, unapohitajika. William Sealy Gosset aliuchapisha mwaka 1908 kwa jina la kalamu la Student, akiwa kazini katika kiwanda cha bia cha Guinness ambako sampuli ndogo zilikuwa jambo la kawaida. Kwa chupa zetu 16 digrii za uhuru, yaani idadi ya vipimo kutoa kimoja, ni 15, na mpaka wa mikia miwili kwa asilimia 5 ni 2.131 badala ya 1.96. Mkengeuko sanifu uliokadiriwa ukitokea kuwa 8 vilevile, eneo la kukataa linaanza chini ya 495.74 na juu ya 504.26. Tofauti inaonekana ndogo, lakini kutumia 1.96 hapo ni kujiruhusu makosa mengi zaidi ya yale yaliyotangazwa. Pia ithibitishwe mapema kwamba vipimo havitegemeani na kwamba data hazijaegemea upande mmoja kupita kiasi, maana sampuli ndogo haivumilii kasoro hizo.

Majaribio ya kai-mraba yana tabia zake. Katika kulinganisha idadi zilizoonekana na zile zilizotarajiwa, tofauti zote hupigwa mraba, hivyo kutofautiana kwa upande wowote kunaongeza kipimo, na eneo la kukataa linakuwa kwenye mkia wa kulia peke yake hata kama swali lenyewe halina mwelekeo. Kwa makundi manne, pasipo kigezo chochote kilichokadiriwa kutoka kwenye data, digrii za uhuru ni idadi ya makundi kutoa moja, yaani 3, na mpaka wa asilimia 5 ni 7.815. Ukipima mkengeuko wa kundi kwa mikia miwili, kumbuka kwamba mtawanyo huu hauna pande zinazolingana: kwa digrii 10 mipaka ni 3.247 na 20.483, na kila mmoja husomwa peke yake, kwa kuwa huwezi kuupata wa kushoto kwa kubadilisha alama ya ule wa kulia.

Jedwali litakalotumika likaguliwe kabla ya kazi. Baadhi ya majedwali ya mtawanyo wa kawaida hutoa eneo lote la kushoto, mengine eneo kuanzia sifuri, na mengine mkia wa kulia tu. Kwa thamani ile ile ya 1.645 utasoma 0.95, 0.45 au 0.05. Programu za takwimu nazo hutofautiana, kwani baadhi hutoa mikia miwili bila kuulizwa.

Data za kuhesabu idadi huleta ugumu ambao vitabu vingi hupita juu yake haraka. Mtu anayejaribu kama sarafu ina haki kwa kuirusha mara 20, akishuku kwamba inapendelea kichwa, hatapata eneo lenye uwezekano wa asilimia 5 kamili. Akikataa kuanzia vichwa 14, uwezekano wa kukosea ni takriban 0.0577, ambao umevuka kikomo. Akikataa kuanzia vichwa 15, unashuka hadi 0.0207. Hakuna idadi iliyo katikati. Anachopaswa kufanya ni kuchagua 15 na kutangaza kiwango halisi cha asilimia 2 hivi, badala ya kuandika asilimia 5 ambayo hakuitumia.

Uwezo wa jaribio, yaani uwezekano wa kuikataa nadharia tete sifuri iliyo ya uongo, ukokotolewe nao, kwa kuwa eneo la kukataa linaweza kuwa sahihi kabisa na bado likawa halina msaada. Turudi kwenye chupa na mkia wa kushoto. Mashine ikiwa kweli inatia mililita 497, sampuli ya chupa 16 itaangukia chini ya 496.71 kwa uwezekano wa asilimia 44 tu, yaani mara nyingi zaidi upungufu huo hautagunduliwa. Kwa chupa 64 kosa sanifu linakuwa mililita 1, mpaka unasogea hadi takriban 498.36, na uwezekano wa kuugundua unafika asilimia 91. Baada ya sampuli kukusanywa, hesabu hii haiwezi tena kumsaidia mtu kuchagua ukubwa wake.

Idadi ya majaribio nayo ihesabiwe. Majaribio 20 yasiyotegemeana, kila moja kwa asilimia 5, yana uwezekano wa asilimia 64 hivi wa kutoa angalau kukataa kumoja kusiko na haki hata kama nadharia tete sifuri zote ni kweli. Njia rahisi ya kujikinga ni ile ya Bonferroni, ya kugawa alfa kwa idadi ya majaribio, hivyo kila moja likapewa 0.0025. Kuchungulia data katikati ya ukusanyaji kuna athari kama hiyo: anayepima mara tano kwa vipindi sawa na kusimama pindi kipimo kinapovuka 1.96 anafikisha kosa la takriban asilimia 14. Kama ni lazima kuchungulia, mipaka ya kila hatua ipangwe mapema na iwe mikali zaidi.

Mwishoni iandikwe sentensi ya uamuzi kwa matokeo ya aina zote mbili, pamoja na kama thamani iliyo sawa kabisa na mpaka imo ndani ya eneo au la. Kipimo kikianguka nje ya eneo la kukataa, sentensi iseme kwamba data hazikutosha kuikataa nadharia tete sifuri. Isiseme kwamba imethibitishwa, kwa sababu wastani wa 498 usioikataa thamani ya 500 hauikatai thamani ya 497 pia.