Laptopu imerudi kutoka kwa fundi, mafaili hayapo: fanya hivi

Usipakue wala kuingiza chochote. Kila kipya kinaweza kufunika faili la zamani. Mpigie fundi: "Fundi, umebadilisha diski au umepiga Windows upya?" Diski ya zamani kama anayo, ifuate leo leo.

Kama amepiga Windows tu, fungua diski C, tafuta folda ya Windows.old, ingia Users. Humo ndimo tulimokuta utafiti wa mdogo wangu anayesoma UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), sura zote, hadi picha za wakulima wa zabibu aliowahoji Hombolo. Wahi, folda hiyo hujifuta baada ya siku 10.

Haipo? Chomoa diski, iunganishe kwenye kompyuta nyingine, endesha PhotoRec (programu ya kurejesha mafaili yaliyofutwa), na vinavyopatikana vihifadhi kwenye diski tofauti. Kwa SSD (diski isiyo na sahani inayozunguka ndani) matumaini ni madogo.