Kusoma picha ya Emily Kame Kngwarreye: somo la fundi batiki

Vijana ninaowafundisha batiki wakiona sanaa ya Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, hukimbilia nukta. Wanachukua kijiti, wanadonoadonoa rangi, wanasema tayari. Bado! Kwanza tusome picha moja, Anwerlarr anganenty, ambayo Emily, mchoraji wa Kiaborijini, aliichora mwaka 1995. Ipo kwenye jumba la sanaa la National Gallery of Victoria, mjini Melbourne. Ifungue kwenye simu.

Hatua ya 1: Ilaze
Weka simu mezani uitazame kwa juu. Emily alikaa juu ya turubai lililotandazwa chini, mita 8 kwa 3, yaani yapata doti 7 za kanga ukizishona pamoja, akalimaliza kwa siku 2. Kwa hiyo usihangaike kutafuta mbingu wala upeo wa macho.

Hatua ya 2: Fuata mstari mmoja kwa kidole
Ni mweupe juu ya weusi. Unapinda, unapanda mgongo wa mwenzake, unapotea. Hapa ndipo nilipomtambua fundi mwenzangu. Kabla ya turubai, Emily na wanawake wenzake wa Utopia, eneo la kaskazini-mashariki ya mji wa Alice Springs, katikati ya Australia, walifanya batiki kwa miaka zaidi ya 10, tangu 1977. Nta ya moto ikishagusa kitambaa, imegusa. Mkono ujue uendako kabla ya kuanza.

Hatua ya 3: Tambua mistari ni nini
Ni mizizi ya kiazi cha porini, anwerlarr, na nyufa zinazojitokeza ardhini kinapokomaa. Mmea huo ni ndugu wa kunde zetu, ila wenyeji wa huko wanafukua kiazi chake cha chini.

Hatua ya 4: Soma jina la mchoraji
Usiiruke hii. Kame ni mbegu za kiazi hichohicho. Basi Emily anachora jina lake, na anachora Alhalkere, ardhi aliyoirithi kwa baba na babu. Kwao ardhi ni jamaa: ina nyimbo zake, na ina michoro ambayo wanawake hujipaka vifuani na mabegani katika sherehe za awelye. Mistari ya mwilini ndiyo iliyohamia kwenye turubai.

Hatua ya 5: Chora ya kwenu
Ya kwake ina wenyewe. Mwaka 1994 wasanii wa Kiaborijini walishinda kesi mahakamani Australia dhidi ya kampuni iliyonakili michoro yao kwenye mazulia bila ruhusa. Wewe muulize bibi au shangazi: ukoo wetu una mmea gani, kisima gani, njia gani? Kisha tandaza kitambaa sakafuni, yeyusha nta, tumia rangi moja, na penseli iache kabatini.

Mwanafunzi wangu mmoja alichora njia ya kwenda kisimani kwa bibi yake. Mstari ulikatika katikati. Nilipomuuliza, akasema hapo siku hizi pana ukuta wa mtu. Nikamwambia asiuunganishe, tukachovya hivyohivyo.