Banda la kinyonga Nairobi: waya, majani na siafu

Mfugaji mmoja wa upande wa Ruai aliniita Februari nikamtazamie kinyonga aliyegoma kula. Nilimkuta sebuleni, ndani ya sanduku la kioo, taa mbili za joto zikimwakia juu ya kichwa saa sita mchana, na huko nje jua la Ruai linachoma mabati. Macho yalikuwa yamezama, mdomo wazi. Mwenyewe alikuwa amefuata maelekezo ya Ulaya hatua kwa hatua, na hakukosea hata moja. Ila maelekezo yale yaliandikwa kwa ajili ya nyumba ambayo nje yake kuna theluji.

Kinyonga wa pembe tatu, ambaye wataalamu humwita Trioceros jacksonii, ni mwenyeji wa nyanda zetu za juu. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hali yake ndiyo aliyoizoea: mchana nyuzi joto 21 hadi 27, usiku kuwe na ubaridi wa kutosha. Huo ubaridi wa usiku si adhabu kwake, anauhitaji ili apumzike. Wenzake walioingizwa Hawaii mwaka 1972 kwa biashara ya wanyama wa nyumbani waliishia vichakani, na hadi leo wanazaana huko kwenye milima yenye unyevu bila mtu kuwawashia taa. Kwa hiyo banda la Nairobi halina kazi ya kuleta joto. Kazi yake ni kupitisha hewa na jua, kushika unyevu kwenye majani, na kuzuia maadui.

Kabla ya kumwita fundi, kibali. Kinyonga ni mnyamapori hata akikutwa kwenye ua wa kayaba nyuma ya choo chako, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haikupi ruhusa umtoe hapo umtie bandani. Anza na ofisi za KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, Lang'ata Road, uulize masharti ya leseni ya ufugaji, kisha umchukue mnyama kwa mfugaji mwenye leseni. Kumvusha mpaka ni shughuli nyingine tena, kwani yumo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Anayedhani serikali haijali viumbe wadogo akumbuke kesi ya mwaka 2025 hapa Nairobi: watu wanne walitozwa faini ya shilingi milioni moja kila mmoja kwa kosa la magendo ya sisimizi hai. Asiyetaka shughuli hiyo yote aache ua wake ukue, aache kuunyunyizia dawa, na atawaona bure.

Sasa banda. Mwambie fundi futi mbili kwa futi mbili, kimo futi nne, kwa kinyonga mmoja mkubwa. Kimo ndicho kisichopunguzwa. Mnyama huyu hujisikia salama akiwa juu yako, na ukimweka kwenye kisanduku kifupi chini ya meza, kila mtu anayepita anakuwa mwewe kwake. Fremu ya mbao za saiprasi inatosha, mradi mbao zisiwe zimelowekwa dawa ya mchwa. Pande tatu na juu ziwe waya, ule wa kukaushia kahawa ambao wafugaji wa sungura wanaujua sana. Pitisha kiganja ndani kabla ya kulipa: ukikukwaruza, utamkata vidole na ulimi. Ukipata waya uliopakwa plastiki, ongeza hela uuchukue. Upande wa nyuma unaweza kuwa plaiwudi, na hapo ndipo atakapojificha akichoka kutazamwa.

Kioo nakikataa kwa sababu tatu. Kinazuia ile miale ya jua ambayo mwili huitumia kutengeneza vitamini D3, na bila vitamini hiyo kalsiamu haifiki kwenye mifupa. Miguu inapinda, taya linalegea. Kinafungia joto. Tena kinamwonyesha sura yake mwenyewe, naye hajui kwamba ni yeye. Anaona dume mwingine, anavimba, anageuka mweusi, siku nzima anapigana na kivuli. Kwa sababu hiyohiyo usiweke madume wawili mabanda yakitazamana. Tundika gunia katikati. Banda moja, kinyonga mmoja. Jike hupelekwa kwa dume kwa muda mfupi na kurudishwa kwake.

Ndani weka matawi makavu ya unene wa kidole, mengine manyoofu na mengine ya kulala mshazari, yapishane kutoka chini hadi juu. Kisha majani, mengi kuliko unavyodhani yanatosha. Fikasi au haibiskasi kwenye chungu inafaa. Oleanda usiikaribishe, ina sumu. Miche ya vitalu vya kando ya barabara huwa imenyunyiziwa dawa ya wadudu, basi ioshe majani na uiache nje wiki tatu hivi kabla ya kuiingiza. Sakafu iwe waya mtupu au magazeti. Changarawe na maranda ya mbao humezwa pamoja na mdudu, na tumbo likiziba utamlaumu muuza nyenje bure.

Pa kuliweka ni swali la mtaa wako. Karen na Kitisuru, penye miti mikubwa na ukungu wa asubuhi, tatizo ni kivuli kingi: ligeuze banda lielekee mashariki lipate jua la saa mbili hadi saa nne. Embakasi na Ruai mambo ni kinyume, upepo mkavu na vumbi. Funga mkeka au neti ya kivuli upande upepo unakotoka, na unyunyizie maji mara nyingi zaidi. Popote ulipo, theluthi moja ya juu iwe na kivuli, ili achague mwenyewe jua au baridi. Julai usiingiwe na huruma ya kumwashia jiko la makaa. Atakuwa mweusi asubuhi ili anase joto la jua, halafu atarudi kijani. Kinachomuumiza msimu huo ni mvua na upepo kwa pamoja, kwa hiyo awe na kipande cha paa. Vinyonga wachanga na wagonjwa ndio wa kulala ndani.

Maji ya kwenye bakuli hatayaona. Kinyonga hunywa matone yanayotiririka kwenye jani. Toboa chupa ya plastiki kwa sindano, itundike juu ya mmea, idondoke polepole kwa nusu saa asubuhi na jioni tena, pamoja na kunyunyizia majani. Maji ya mvua ni bora, ya kisima cha kuchimba huacha ukungu mweupe kwenye majani. Kisha banda likauke kabla ya kulowa tena. Lililolowa mchana kutwa bila hewa huleta ugonjwa wa mapafu. Kinyesi kitakuambia ukweli: ile sehemu ambayo kwa kawaida ni nyeupe ikiwa ya rangi ya chungwa, mnyama ana kiu.

Na siafu. Hapa nitakaa kidogo, maana vitabu vya wageni havilijui jambo hili. Kinyonga wa kichakani akisikia siafu hupanda tawi lingine akahama. Wa bandani hana pa kuhamia. Mimi nilipoteza watatu usiku mmoja wa Aprili, na asubuhi nilikuta mifupa na pembe. Tangu hapo kila mguu wa banda langu umesimama ndani ya mkebe wenye maji na oili chafu juu yake, ambayo haikauki upesi. Mkebe peke yake haukusaidii ikiwa tawi la mparachichi limegusa paa, au ukuta umeegemewa, au kuna mpira wa maji umepita chini. Siafu hutafuta daraja, na wakilipata hawachelewi. Kata kila kinachogusa kabla ya mvua za Machi na tena kabla ya zile za Oktoba. Wakishafika, usipulize dawa. Mtoe mnyama, mtie kwenye foronya, ingia naye nyumbani, banda utalihangaikia kesho. Waya huohuo uwe imara dhidi ya paka, panya na kunguru pia.

Chakula si kigumu mjini hapa. Nyenje wa kufugwa, panzi wa mahali pasiponyunyiziwa dawa, na mabuu ya wale nzi weusi wanaofugwa kwa chakula cha kuku. Kituo cha icipe pale Kasarani kimefanya kazi kubwa ya ufugaji wa wadudu, na wafugaji wamezagaa Kiambu. Mdudu asizidi upana wa kichwa cha kinyonga kati ya macho. Mkubwa hula siku moja akaruka moja. Wapake nyenje unga laini wa kalsiamu isiyochanganywa na fosforasi. Chumvi ya ng'ombe si mbadala. Mvua ikileta kumbikumbi, mwache ale karamu. Nyenje waliobaki jioni watoe, kwa sababu usiku wao ndio humtafuna.

Jike wa pembe tatu hatagi. Huzaa watoto hai, 8 hadi 30, baada ya miezi mitano au sita, nao hutengwa mapema kwenye vibanda vidogo vyenye waya wa matundu madogo. Ikiwa wako ni wa aina ya Chamaeleo dilepis, huyo hutaga ardhini: mwekee ndoo ya mchanga wenye unyevu, kina sentimita 30, la sivyo atazuia mayai tumboni hadi afe.

Majirani watakuja na maneno. Wazee wa Kikuyu na Ukambani wanasimulia kwamba Mungu alimtuma kinyonga na ujumbe wa uzima, akajikokota, ndege akamtangulia na ujumbe wa kifo; wengi hawajamsamehe. Weka kufuli, na mweleze shamba boy mapema, kwa upole, kabla hajaokota fimbo.

Ukaguzi wangu mimi ni wa usiku. Saa tatu natoka na tochi. Kinyonga aliyelala hupauka na kung'aa kwenye mwanga, na huwa kwenye ncha ya tawi lilelile. Nikimkuta kwenye waya au sakafuni, au mchana nimemwona amefumba macho, asubuhi namwita daktari wa mifugo.