Ukuta wa hempu na chokaa: kuumwaga, kuushindilia na kuusubiri ukauke

Hempu ni ndugu wa bangi asiyelevya. Marekani sheria inautaka uwe na THC (kemikali inayolevya) isiyozidi asilimia 0.3, na Umoja wa Ulaya umeweka kiwango hicho hicho. Kamba na nguo hutoka kwenye gamba la shina. Kiini kinachobaki, chepesi kama boriti iliyoliwa na mchwa, hukatwakatwa kuwa vibanzi, na vibanzi hivyo vikichanganywa na chokaa ndivyo hujazwa ukutani. Wafaransa walianza kuvitumia mwishoni mwa miaka ya 1980 walipokuwa wakikarabati nyumba za kale za fremu ya mbao. Leo Marekani imeviingiza hata kwenye kanuni za nyumba za makazi (IRC) za 2024. Tanzania na Kenya kulima mmea huu kiholela ni kosa, kwa hiyo maelezo haya yanamfaa zaidi anayejenga au kufanya kibarua cha ujenzi Ulaya au Marekani.

Ukuta huu haubebi paa. Mzigo wote uko kwenye fremu ya mbao. Hempu inajaza, inazuia baridi na joto, na inapunguza kelele. Simamisha nguzo za inchi mbili kwa nne au mbili kwa sita, zikiachana sentimita 40 hadi 60, juu ya msingi wa tofali au jiwe ulioinuka angalau sentimita 20 kutoka ardhini, na uweke nailoni ya kuzuia unyevu kati ya msingi na mbao. Panapotarajiwa kabati la jikoni au sinki, pigilia mbao za kulala kati ya nguzo mapema, kwa sababu hempu haishiki skrubu. Nyaya za umeme zipite ndani ya mabomba ya plastiki. Kisha ezeka kwanza. Anayemwaga kabla ya kuezeka anaikaribisha mvua, na ukuta ulionyeshewa ukiwa mbichi utakauka kwa miezi.

Tuchukue ukuta wa mita 4 kwa 2.5, unene sentimita 30, bila dirisha. Hizo ni mita za ujazo 3, na utahitaji:

Vibanzi: kilo 330
Kiunganishi cha chokaa: kilo 660
Maji: lita 990, zaidi au pungufu kidogo

Tazama tena hiyo namba ya mwisho. Ni karibu tani nzima ya maji, na sehemu kubwa yake lazima itoke kwa njia ya hewa. Makosa mengi ya kazi hii yanaanzia hapo.

Kiunganishi kinachofahamika zaidi kina chokaa iliyozimwa asilimia 75, chokaa inayoganda hata majini asilimia 15, na pozolana (unga wa mawe ya volkano au wa udongo uliochomwa) asilimia 10. Fundi aliyezoea chokaa ya Lamu au ya Mji Mkongwe Zanzibar hatashangaa: chokaa tupu huganda polepole kwa kuvuta hewa, hizo nyingine zinaisaidia isimame siku za mwanzo. Usibadilishe kwa saruji ya kawaida. Sukari iliyomo kwenye shina inachelewesha saruji kuganda, na ukuta wa saruji haupumui vizuri.

Vibanzi viwe vikavu, vya milimita 5 hadi 25, visivyo na vumbi. Vumbi linafyonza maji na kula chokaa bure. Nyuzinyuzi zikiwa nyingi zinajifunga mabonge kwenye mashine.

Mchanganyo mmoja ni kilo 20 za vibanzi, kilo 40 za chokaa na lita 60 za maji. Mashine ya sufuria inayokoroga kwa mapanga ndiyo bora. Ukiwa na ile ya pipa la kuzunguka, koroga maji na chokaa kwanza mpaka iwe uji, halafu mimina vibanzi kidogo kidogo, la sivyo utatoa madonge meupe nje na makavu ndani. Dakika tatu hadi tano zinatosha. Vaa miwani na glovu. Chokaa mbichi huunguza jicho, kwa hiyo ndoo ya maji safi isikose pembeni.

Sasa ukamate mkononi. Ukifumba ngumi, mchanganyo ushikane uwe donge bila maji kuchuruzika vidoleni. Ukilibonyeza kwa dole gumba lipasuke vipande. Likichuruzika, maji yamezidi. Likimomonyoka kabla hujaligusa, maji ni machache, na hili ndilo baya zaidi: vibanzi vitainyang'anya chokaa maji yake, ukuta utaonekana mzima kwa nje huku moyo wake ni unga.

Funga boksi la plaiwudi la kimo cha sentimita 60, pande zote mbili, lishikwe na vipande vya mbao vya sentimita 30. Mwaga tabaka la sentimita 10 hadi 15. Shindilia kwa kipande cha mbao kando ya boksi, kwenye kona na kuzunguka nguzo. Katikati sawazisha kwa mkono tu. Usitwange kama zege la msingi. Uzito unaotafutwa ukutani ukishakauka ni kilo 300 hadi 350 kwa mita ya ujazo, na ukitwanga sana unapoteza ile hewa inayozuia baridi. Kesho yake legeza boksi, lipandishe juu, endelea. Likikaa siku nyingi, ukungu utaota nyuma yake.

Baada ya hapo ni kusubiri. Ukuta wa sentimita 30 huhitaji wiki sita hadi nane za hewa ya kutosha, madirisha wazi, feni ikiwezekana. Ulaya ya kaskazini umwagaji uishe kabla ya mwisho wa kiangazi, maana baridi kali ikiukuta ukuta bado una maji, uso utabanduka.

Wengi hukosa subira na kupiga lipu mapema. Madoa ya kahawia yatajitokeza juu ya lipu, ni rangi ya shina inayosukumwa na maji yanayotafuta njia. Lipu nayo iwe ya chokaa, tabaka mbili au tatu, nje na ndani. Lipu ya saruji au rangi ya plastiki inaziba matundu, maji yanabaki ndani, na kinachooza kwanza ni nguzo za fremu, mahali usipopaona.