Jinsi ya kulitazama Kanisa la Amani la Świdnica, Poland

Świdnica iko takriban kilomita 50 kusini-magharibi mwa Wrocław. Tenga saa nzima, uchukue darubini ndogo, kwa kuwa michoro mizuri zaidi iko darini. Usipange kutalii wakati wa ibada. Hili ni kanisa la usharika hadi leo.

Anzia nje. Baada ya mkataba wa amani wa 1648, uliomaliza Vita vya Miaka Thelathini, mfalme Mkatoliki wa ukoo wa Habsburg, uliotawala eneo hili wakati huo, aliwaruhusu Walutheri kujenga kwa masharti: mbao, udongo na majani makavu tu, bila mnara, nje ya kuta za mji, na kazi iishe ndani ya mwaka mmoja. Ndiyo maana unaona fremu za mbao kama ghala kubwa.

Ndani, wengi hukimbilia madhabahu na kuishia hapo. Ni kosa. Simama kwanza katikati, acha macho yazoee mwanga hafifu, kisha inua kichwa: Utatu Mtakatifu, halafu maono ya Ufunuo, Babeli ikianguka na Yerusalemu ya mbinguni. Ukijua sura hizo za Biblia, dari linasomeka.

Shusha macho sasa kwenye roshani zilizopangwa juu kwa juu. Ndizo ziliwezesha watu wapatao 7,500 kuingia. Tafuta chumba cha ukoo wa makabaila wa Hochberg, kisha mimbari na saa yake ya mchanga iliyopima mahubiri. Madhabahu iwe ya mwisho.

Usiguse mbao zilizopakwa rangi: jasho la mikono huzichakaza. Zima mwako wa kamera.