Jinsi ya kulinda foleni ya korutini kwa kufuli katika programu yenye nyuzi nyingi

Korutini (vitendakazi vinavyoweza kusimama katikati na kuendelea baadaye) zote zinapoendeshwa ndani ya uzi mmoja (mfuatano mmoja wa utekelezaji wa programu), foleni ya kusubiria haihitaji kufuli (kizuizi kinachoshikwa na mmoja tu kwa wakati mmoja), kwa sababu korutini hupisha kwa hiari yake na hakuna msimbo mwingine unaoweza kuigusa foleni hadi iliyo kazini ipishe yenyewe. Ukiongeza uzi wa pili unaoweza kuamsha korutini za uzi wa kwanza, uhakika huo unatoweka. Kuizungushia foleni kufuli pekee hakutoshi, kwa kuwa foleni yenyewe mara nyingi huwa salama ilhali sharti ambalo korutini inalisubiri limeachwa wazi.

Anza kwa kubainisha sharti hilo. Tuchukue mfano wa diski inayoruhusiwa kuwa na idadi maalumu ya maombi kwa wakati mmoja, ambapo kigeu `nafasi` kinahesabu nafasi zilizobaki na korutini inayokuta sifuri inaingia kwenye foleni. Kigeu hicho na foleni hiyo lazima vilindwe na kufuli moja, ileile. Ukivipa kufuli mbili tofauti, korutini itaweza kusoma sifuri, kisha kabla haijajiandikisha kwenye foleni, uzi mwingine utaongeza nafasi, utaikuta foleni tupu, na utaondoka bila kuamsha yeyote. Korutini yetu italala ikisubiri mwamsho uliokwisha kupita, na kama hakuna ombi jingine litakalomalizika, haitaamka kamwe.

Msimbo wa anayesubiri uwe hivi:

```
shika(kufuli)
wakati nafasi == 0:
    subiri(foleni, kufuli)
nafasi = nafasi - 1
achia(kufuli)
```

Tazama kwamba `subiri` inapokea kufuli pamoja na foleni. Katika QEMU, programu ya kuiga mashine, kitendakazi cha kusubiri cha foleni ya korutini iitwayo CoQueue awali kilipokea foleni peke yake, na kufuli likaja kuongezwa pale kazi ilipoelekezwa kwenye nyuzi nyingi. Sababu ni kwamba anayeita hana mahali pazuri pa kuachia kufuli: akiliachia kabla ya kuita, anafungua ule mwanya wa mwamsho kupotea, na akipisha bila kuliachia, anayetakiwa kuongeza nafasi hataweza kuingia. Ni kitendakazi cha kusubiri peke yake kinachoweza kuliachia kwa wakati wake:

```
subiri(foleni, kufuli):
    ongeza(foleni, korutini_hii)
    achia(kufuli)
    pisha()
    shika(kufuli)
```

Neno `wakati` katika msimbo wa kwanza lisibadilishwe kuwa `kama`. Katika monita (muundo unaounganisha data, kufuli lake na foleni za kusubiri) alizozieleza mwanasayansi wa kompyuta Hoare mwaka 1974, aliyeamshwa alipokea zamu papo hapo, hivyo sharti lilikuwa bado la kweli alipoendelea. Lugha ya programu ya Mesa, ambayo uzoefu wake ulichapishwa mwaka 1980, ililichukulia jambo hili kwa namna nyingine: mwamsho ni dokezo tu, na ndivyo ilivyo katika foleni yetu, kwani kati ya kuamshwa na kushika kufuli upya, korutini ya tatu inaweza kupita na kuichukua nafasi. Aliyeamshwa hana budi kuliangalia sharti tena.

Sasa rudi kwenye mistari miwili ya katikati ya `subiri`, `achia` na `pisha`, kwa kuwa hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Kufuli limeachiwa, jina la korutini limo kwenye foleni, lakini korutini yenyewe bado inakimbia kwenye uzi wa kwanza na rejista zake (hali yake ndani ya kichakataji) hazijahifadhiwa. Uzi wa pili ukishika kufuli katika mwanya huo, ukaiondoa korutini kwenye foleni na kuiendesha papo hapo, nyuzi mbili zitakuwa zinatumia staki moja (kumbukumbu ya kazi ya korutini) kwa wakati mmoja. Matokeo yake ni kumbukumbu iliyovurugika, na programu huanguka mahali pasipo na uhusiano wowote na foleni, jambo linalofanya chanzo chake kiwe kigumu mno kukipata.

Kuna njia mbili ninazoziamini za kuuziba mwanya huo. Ya kwanza ni kuipa kila korutini uzi wake wa nyumbani, na kumtaka mwamshaji aliye kwenye uzi mwingine asiiendeshe bali aiweke kwenye orodha ya zilizo tayari ya uzi huo. Uzi wa nyumbani hauwezi kuifikia orodha hiyo hadi korutini iliyo kazini ipishe na udhibiti urudi kwenye kitanzi cha matukio (mzunguko wa uzi unaochagua kazi inayofuata), kwa hiyo mwamsho uliowahi unasubiri bila madhara. Ya pili ni kuchelewesha `achia`: korutini inampa kipanga-ratiba (sehemu inayochagua korutini ya kuendeshwa) kufuli lake, naye analiachia baada ya kuhifadhi hali ya korutini na kuhamia kwenye staki nyingine. Mfumo wa ndani wa lugha ya Go hufanya hivyo unapoilaza gorutini, yaani korutini ya lugha hiyo. Kama korutini zako zinahama kutoka uzi hadi uzi, chagua ya pili.

Upande wa mwamshaji, badilisha sharti na uitoe korutini kwenye foleni huku kufuli likiwa mkononi. Ikiwa mwamshaji ataiendesha korutini moja kwa moja kwenye uzi wake mwenyewe, ni lazima aachie kufuli kwanza, kwani kitu cha kwanza ambacho korutini itafanya ikiamka ni kulishika, na uzi mmoja ukijaribu kushika mara mbili kufuli la kawaida unajikwamisha wenyewe. Unapoamsha wote kwa pamoja, hamishia orodha nzima kwenye kigeu cha ndani kabla ya kuanza, la sivyo korutini inayoamka, ikakuta sharti bado halijatimia, na kujiandikisha upya, itakuingiza kwenye mzunguko usio na mwisho.

Aina ya kufuli nayo ina uzito wake. Kufuli la nyuzi linafaa kulinda foleni kwa sababu linashikwa kwa muda mfupi na halivuki `pisha`. Likivuka, korutini nyingine ya uzi uleule itakayolitaka italaza uzi mzima, pamoja na mwenye kufuli anayehitaji uzi huo ili aliachie. Zaidi ya hayo, katika POSIX (kiwango cha mifumo ya aina ya Unix), kufuli la kawaida likiachiwa na uzi ambao haukulishika, matokeo yake hayajafafanuliwa. Sehemu inayolazimika kupisha katikati ya ulinzi itumie kufuli la korutini, ambalo humlaza anayesubiri na kuuacha uzi uendelee na kazi nyingine.

Ufutaji wa korutini iliyo kwenye foleni husahaulika mara nyingi. Kwa kawaida nodi ya foleni (rekodi ya nafasi ya korutini kwenye foleni) hukaa kwenye staki ya korutini yenyewe, hivyo ukiiharibu korutini bila kuitoa kwenye foleni chini ya kufuli, foleni inabaki na kielekezi cha kumbukumbu isiyokuwapo. Na ikiwa ilikuwa imekwisha kuamshwa kabla ya kufutwa, iamshe inayofuata kwa niaba yake, maana mwamsho ule ulikuwa mmoja tu.

Kupima, punguza `nafasi` iwe moja, anzisha korutini nyingi kwenye nyuzi kadhaa, na weka usingizi wa milisekunde chache kati ya `achia` na `pisha`. Hitilafu inayojitokeza mara chache sana kwenye mashine ya kazi hujionyesha hapo mapema. Tumia makufuli ya aina ya PTHREAD_MUTEX_ERRORCHECK wakati wa majaribio, kwa kuwa hurejesha kosa yanapoachiwa na uzi usio mwenyewe. Ukitumia ThreadSanitizer, zana ya kugundua migongano ya nyuzi, iarifu kila unapobadili korutini kupitia `__tsan_switch_to_fiber`, kwani bila taarifa hiyo itachanganya staki na kukupa maonyo yasiyo ya kweli.